Moshi Usiopanda

Sigaa haivutwi kwa pupa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililomfundisha Opicho Makokha, na kwa miaka minane tuliyokaa pamoja nyuma ya nyumba yangu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hakulishika hata siku moja. Alizivuta zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, kisha akashangaa kwa nini ulimi unamuwaka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi, saa tisa alasiri, na mtaa wetu wa Buruburu, Nairobi, ulikuwa umelala kwa joto. Mvua ilikuwa imenyesha Alhamisi kwa nusu saa, ikakata, kisha jua likarudi kuyapika maji yale yale yaliyosimama mitaroni. Fukuto lilikuwa la kumlowesha mtu shati akiwa amekaa kitako. Kwa kawaida mimi huweka kitambaa kibichi ndani ya kasha langu la mbao ili sigaa zisikauke. Wiki ile nilikiondoa, kwa kuwa hewa yenyewe ilikuwa mbichi, na hata hivyo zilikuwa zimevimba kidogo, laini chini ya kidole. Niliikata yangu kwa wembe, nikaizungusha juu ya kiberiti mpaka ncha nzima ikashika moto sawasawa, nikavuta mara moja tu na kuiacha ipumue.

Moshi haukupanda. Ulitoka kinywani mwangu, ukasimama mbele ya uso, kisha ukateleza polepole juu ya ukuta hadi kwenye kamba za nguo za jirani.

"We Luseno!" ikaja sauti kutoka upande wa pili. "Hizo shuka nimezifua leo asubuhi kwa hii mikono yangu!"

"Samahani, Mama Wacera. Leo hakuna upepo."

"Upepo hakuna, lakini akili si iko? Ngoja huyo msichana aingie hapo ndani. Mimi ndiye nitamwambia akunyang'anye hicho kiboksi."

Opicho alicheka mpaka akakohoa. "Amekumaliza, Kapteni. Yaani bado hujaoa na washaanza kukushtaki."

Aliniita Kapteni tangu shuleni, nilipokuwa kiongozi wa bweni letu na yeye akilala kitanda cha pili kutoka mlangoni. Nilimtazama akipangusa jasho la shingo kwa leso. Siku ile alikuwa na maneno mengi kuliko kawaida yake, na sigaa yake ilikuwa imezimika mara tatu.

"Ni unyevu," nilimwambia. "Siku kama ya leo sigaa haitaki kusahauliwa, na haitaki kuharakishwa. Ivute kila baada ya dakika moja."

"Mimi si daktari wa tumbaku kama wewe." Akawasha kiberiti. "Sema, wazee wako wako tayari?"

"Watakuwa wanne. Amu yangu mkubwa atazungumza. Tutafika kwenu Jericho saa nne kamili, si saa nne na dakika tano."

"Saa nne kamili," alirudia, akatazama kwingine.

Jumamosi iliyofuata ndiyo wazee wangu walikuwa waende kwa Mzee Makokha, babake Opicho, kumposa binti yake Asenath. Nilikuwa nimeandika barua ya posa kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, mara tatu mpaka nikaridhika nayo. Opicho mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Nilimpenda dada yake kwa miaka minne, na katika miaka hiyo sikuingia nyumbani kwao kwa mlango wa nyuma, wala sikumficha baba yake jambo lolote nililoulizwa. Mzee Makokha ni mzee wa kanisa, mtu asiyegusa pombe wala tumbaku. Nilimwendea mwezi Desemba nikamwambia ana kwa ana kwamba navuta sigaa moja kila mwezi. Akasema, "Siipendi tabia hiyo. Lakini nampenda mtu anayeniambia mwenyewe." Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Lango dogo la pembeni lililia.

Nilijua ni Asenath kabla sijamwona, kwa namna anavyolifungua: huliinua kwanza, ndipo hulisukuma. Alikuwa ametoka kazini Umoja, kwenye duka la dawa, koti lake jeupe limekunjwa mkononi. Jasho lilikuwa limemlowesha nywele za kando ya masikio, na nywele zile zilikuwa zimejikunja kama anavyozichukia yeye na kama ninavyozipenda mimi. Siku ya kwanza tulipokutana, hapa hapa uani, alikuja kumchukua kaka yake, akaomba kunusa ndani ya lile kasha. Akafumba macho, akasema, "Inanukia kama ghala la nyanya yangu." Tangu siku hiyo, kila ajapo huinama kwanza kunusa kasha, ndipo huninyanyulia uso.

Siku ile hakuinama.

Nilisimama. "Karibu, mpenzi. Kaa, nikuletee maji baridi."

"Sikai."

"Joto ni kali, Asenath. Kaa angalau..."

"Nimesema sikai, Luseno."

Yeye huniita Pat, kifupi cha Patrobas. Luseno ni jina wanaloniita ofisini, na Mama Wacera anapokasirika. Nililisikia likitoka mdomoni mwake, nikaiweka sigaa yangu pembeni mwa meza.

Alitoa bahasha kwenye mkoba akaiweka juu ya meza, kando ya kiberiti. Niliitambua. Ilikuwa barua yangu.

"Baba ameisoma," alisema. "Amesema wazee wako wasije Jumamosi."

"Anataka tarehe nyingine?"

"Wasije kabisa."

Nilimtazama Opicho. Opicho alikuwa amepinda mgongo, akipapasa mifuko yake kutafuta kiberiti kilichokuwa mezani mbele yake.

"Ametoa sababu?"

Asenath alinitazama machoni. Sijawahi kutazamwa hivyo naye. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu ndani ya chumba alichodhani anakijua.

"Ulifukuzwa shule?"

Sikutarajia swali lile. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mpima ardhi mwenye leseni, nimesimama uani kwangu mwenyewe, na bado miguu yangu ilijipanga pamoja kama mvulana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Nilirudishwa nyumbani kwa wiki tatu," nilisema. "Nikiwa kidato cha tatu."

"Kwa nini?"

"Zilipatikana sigara katika stoo ya bweni. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwangu."

"Si hivyo tu." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaikaza. "Ulikuwa unawauzia watoto wa kidato cha kwanza. Mmoja akashikwa na pumu usiku akapelekwa hospitali. Baba amenieleza yote jana, mbele ya mama. Mimi nilimbishia, Luseno. Nilimwambia baba kwamba umeonewa, kwamba mtu aliyekuja mwenyewe kusema anavuta sigaa hawezi kuficha jambo kama hilo. Nilimpandishia baba yangu sauti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Akaniuliza, 'Je, amewahi kukwambia kwamba alifukuzwa?'"

"Nani alimwambia?"

"Alisikia fununu kanisani, kwa mzazi mwingine wa shule yenu. Akaamua kumuuliza mtu aliyelala nawe bweni moja."

Hakuhitaji kulitaja jina. Mtu aliyelala nami bweni moja alikuwa kwenye kiti changu cha plastiki, ameshika sigaa yangu iliyozimika, jasho likimtiririka puani.

Sasa lazima niseme yaliyotokea, ingawa siku ile uani sikuyasema.

Sigara zile zilikuwa za Opicho. Alikuwa akizinunua sokoni siku za Jumamosi, akizificha stooni kila nilipomwazima ufunguo, na kuziuza moja moja nyuma ya dobi, mahali petu pa kufulia, na mimi sikujua mpaka asubuhi zilipopatikana. Kabla sijaitwa ofisini alinivuta nyuma ya matangi ya maji akapiga magoti kwenye tope. Karo yake ililipwa na kanisa la baba yake. Wakijua, alisema, ufadhili umekwisha, na baba yake hatamruhusu kuingia nyumbani. "Kapteni, niokoe," alilia. Shuleni kwetu kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: mtu hamtaji mwenzake. Nilimpa neno langu. Mwalimu mkuu aliniuliza mara tano sigara ni za nani, na mara zote tano nilitazama ukuta. Walininyang'anya ukapteni, wakanipa barua ya kunirudisha nyumbani.

Baba yangu alisafiri kutoka Nairobi kunichukua. Njia nzima hakusema neno, hadi tulipokaribia kufika, ndipo akauliza, "Zilikuwa zako?" Nilimjibu, "Siwezi kukujibu, Baba." Akageuza uso dirishani. Alifariki miaka miwili baadaye, na hakuniuliza tena.

Hivyo nilikuwa nimelinunua neno lile kwa bei ambayo Opicho aliijua. Alisimama kando ya kaburi la baba yangu pamoja nami.

"Opicho," nilisema. Sauti yangu ilikuwa tulivu kupita nilivyohisi. "Dada yako ameuliza swali. Mjibu."

"Aa, Kapteni." Alijaribu kutabasamu. "Si haya ni mambo ya kitambo? Tulikuwa watoto. Mzee akitulia nitaongea naye pole pole..."

"Baba alikuuliza nini, kaka?" Asenath alimgeukia.

"Aliniuliza kama ni ukweli Pat alitumwa home. Nikasema ndiyo. Si ni ukweli?"

"Na baada ya hapo?"

"Akauliza sababu. Nikamwambia ni sigara."

"Na baada ya hapo?"

Opicho alilamba midomo. Kutoka upande wa pili wa ukuta hakukusikika hata tone la maji. Mama Wacera alikuwa ameacha kuosha vyombo vyake.

"Akauliza kama zilikuwa zake."

"Ukasema?"

Aliniinulia macho. Nayajua macho yale. Ndiyo yaliyonitazama kutoka kwenye tope miaka kumi na sita iliyopita, na hata siku ile, Mungu anisamehe, sehemu moja ya moyo wangu iliyaonea huruma. Nilingoja. Niliamini, kwa ujinga wa mtu aliyelelewa bwenini, kwamba mwenzangu hawezi kunitazama usoni na kulirudia. Nyuma yangu, pengine. Mbele ya baba anayemwogopa, pengine. Lakini si hapa, kwangu, akiwa ameshika tumbaku yangu mkononi.

"Zilikuwa zake, Asenath," alisema. "Si nimeshamwambia Mzee? Pole, lakini zilikuwa zake."

Sikusikia joto tena. Nakumbuka nilitazama sigaa yangu pembeni mwa meza, jivu lake likiwa refu na zima, na nikafikiri jambo la ajabu: kwamba ilikuwa ikiungua vizuri sana.

"Pat." Asenath alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. Alikuwa amelirudia jina langu, na hilo liliniumiza kuliko alipoliacha. "Yeye amesema. Sasa nataka kusikia kwako. Zilikuwa zako au hazikuwa zako? Neno moja tu."

"Umemsikia kaka yako."

"Sikuuliza kaka yangu."

"Niliadhibiwa, nikaimaliza adhabu yangu. Sina la kuongeza."

"Neno moja, Pat! Nakuomba. Nimepigana na baba yangu kwa ajili yako. Nipe kitu nikirudi nacho nyumbani."

Nilitazama ukuta.

Ningependa kusema kwamba nilinyamaza kwa uaminifu. Haikuwa hivyo. Uaminifu kwa Opicho ulikuwa umekufa dakika moja iliyopita. Nilinyamaza kwa kiburi. Nilitaka aniamini bila mimi kujitetea, na nilitaka kumwona Opicho akilemewa na ukimya wangu mpaka aanguke. Nilimweka mwanamke ninayempenda katikati ya mizani ile, na sikumuuliza kama anataka kuwekwa hapo.

Asenath alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akamtazama tena kaka yake. Kisha uso wake ukatulia, kama anavyotulia kazini anaposoma dawa mbili zisizofaa kuchanganywa.

"Opicho," alisema polepole. "Mwaka ule uliniletea viatu."

"Viatu gani?"

"Vyeusi, vya kung'aa, vyenye kifungo pembeni. Nilikuwa darasa la tatu. Ulivitoa kwenye sanduku lako la bati, umevifunga kwa gazeti. Ukasema ni zawadi ulishinda shuleni kwa kukimbia."

Opicho aliigeuza ile sigaa iliyozimika vidoleni.

"Nilivivaa kanisani mpaka vikanibana vidole. Nilikuwa nikiwaambia wasichana wenzangu kwamba kaka yangu ni bingwa." Akamsogelea kaka yake. "Hukuwahi kukimbia, Opi. Wewe ukipanda ngazi unapumzika katikati. Pesa za viatu ulitoa wapi?"

"Asenath, usianze kufukua..."

"Pesa za viatu ulitoa wapi?"

Sigaa ilimponyoka Opicho, ikaanguka kwenye simiti. Hakuinama kuiokota. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kumcheza, na hakuna aliyehitaji kuuliza tena.

Nilidhani sasa atanikimbilia. Ndiyo, niliwaza hivyo. Nilikuwa hata nimefungua mikono kidogo. Ukweli ulikuwa umetoka, nami nilikuwa sijavunja neno langu. Nilijiona nimesimama safi.

"Asenath," nilisema. "Hazikuwa zangu."

Alinigeukia, machozi yamejaa machoni.

"Sasa ndiyo unaniambia? Sasa hata Mama Wacera anajua!"

Nyuma ya ukuta beseni lilianguka.

"Nilikuwa nimetoa neno langu."

"Kwake."

"Kwake."

"Na mimi ulinipa neno gani, Pat? Pale Uhuru Park, mwaka juzi, uliponishika mikono ukasema hutanificha kitu, lile lilikuwa la mchezo?"

"Jambo hili halikuwa lako. Lilikuwa la watu wawili kabla sijakujua."

"Lilikuwa la familia yangu! Miaka minne unakula kwetu Krismasi, unakaa meza moja na baba, na wewe na huyu mnajua, mimi ndiye sijui." Ghafla akakumbuka kitu. "Baba yako. Ulimwambia?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote.

"Pat. Baba yako alijua kwamba hukuwa wewe?"

"Hapana."

"Alikufa akidhani..."

"Nilikuwa nimetoa neno langu, Asenath."

Mkono wake ulikwenda mdomoni. Alinitazama, na nikaona chuki haimo machoni mwake. Ingekuwa afadhali chuki. Ilikuwa hofu.

"Ulimwacha baba yako azikwe na uongo," alisema kwa sauti ndogo. "Ungeweza kumnong'onezea tu. Akiwa kitandani, mgonjwa. Nani angejua? Ukamwacha. Mimi nikiwa mke wako, utaniacha na mangapi?"

"Wewe ni tofauti."

"Yeye alikuwa baba yako."

Nilimshika mkono. Hakuuvuta. Uliachwa tu mkononi mwangu, wenye joto na unyevu, bila kunishika. Nilipouachilia aliufuta kwenye koti lake jeupe.

"Naenda nyumbani," alisema. "Nitamwambia baba habari za viatu. Nitaanzia hapo. Opicho, ukitaka kufika kabla yangu, fika. Ukitaka kujificha, jifiche, lakini leo atajua."

"Na sisi?" niliuliza.

"Sisi?" Alitazama meza, kasha, viti viwili, wembe. "Mlinifanyia jambo moja nyote wawili. Yeye alisema uongo, wewe ukanyamaza, na mimi ndiye nilisimama mbele ya baba kama mjinga. Usiniulize leo nani mbaya zaidi."

Aliliinua lango, akalisukuma, akaenda.

Tulibaki wawili. Opicho alikuwa bado ameketi, macho mekundu, na hewa ilikuwa imejaa moshi wa sigaa yangu usiokuwa na pa kwenda.

"Nitazungumza na Mzee," alisema hatimaye. "Naapa."

"Utazungumza kwa sababu umeshikwa."

"Na wewe je?" Alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anajipendekeza. "Unadhani ni rahisi? Miaka kumi na sita unanibebea. Kila nikija hapa unanikatia sigaa, unaniwashia, unanifundisha kuvuta kama mtoto, na kila ukinitazama naona ile siku. Hukuwahi kuitaja hata mara moja. Ungenitukana, ningekuwa mtu. Mzee aliponiuliza, nilijiambia, ikiwa Pat hatakuwa shemeji yangu, labda nitapumzika."

"Kwa hiyo ulijua unachofanya."

"Nilijua," alisema. "Ndiyo."

Nilifikiri ningempiga. Mkono ulijikunja wenyewe. Lakini tulifundishwa kutompiga mtu aliyeketi, na yeye hakusimama.

"Toka kwangu, Opicho."

"Kapteni..."

"Toka."

Alitoka. Hakunyoosha mkono, nami sikumpa. Niliketi peke yangu mpaka jua likateremka nyuma ya mapaa, shati limenishika mgongoni, na sikuwasha kitu. Mama Wacera alichungulia mara moja juu ya ukuta, akaniona, akaanua shuka zake bila kunigombeza. Hilo lilinionyesha hali yangu.

Saa kumi na mbili simu iliita. Ilikuwa namba ya Mzee Makokha. Nilisimama kabla ya kuipokea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alikohoa. Sauti yake, inayojaza kanisa bila kipaza sauti, ilikuwa imepungua. "Watoto wangu wote wawili wako hapa. Opicho amepiga magoti sebuleni, na mama yake analia. Nimesikia. Nimesikia hata habari za baba yako. Mimi ni mtu mzima, na nilimhukumu mtu bila kumuuliza mwenyewe. Naomba unisamehe."

"Yamekwisha, Mzee," nilisema, ingawa hayakuwa yamekwisha.

"Hapana, usiseme kwa heshima. Ningekuita. Ulikuja kwangu na sigaa yako mwezi Desemba, ukanionyesha njia, na mimi sikuifuata." Akavuta pumzi. "Barua yako naihesabu bado iko mezani kwangu. Wazee wako waje Jumamosi. Saa nne, kama ulivyoandika. Kwangu mimi hakuna tena kizuizi."

Kwa miaka minne nilikuwa nimeyangoja maneno yale. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi hata majibu yake. Nilitazama uani: viti viwili, meza, kasha langu wazi likinywa unyevu wa jioni.

"Mzee," niliuliza, "Asenath amesemaje?"

Nilisikia mtu akilia mbali, sijui ni mama au ni Opicho, na sauti ya vikombe.

"Yuko hapa karibu nami," alisema. "Nimemuuliza. Amesema wazee wasikatazwe kuja, ni wageni wa heshima. Wakija atawaandalia chai, lakini posa hajaijibu."

"Chai," nilisema.

"Ndiyo, mwanangu. Chai tu."